Kwenda na Mtoto Kutazama Nyumba Kabla ya Kuhama: Hukumu na Adabu Zake

 

Katika visiwa vyetu kuhama ni jambo la kawaida. Baba amepata kazi Unguja na familia iko Wete. Mama amehamishiwa skuli nyengine. Mtoto amefaulu na anataka kusoma mjini. Kabla ya kufunga mizigo, mzazi hupanda boti na mmoja wa watoto wake, wakafikia kwa ami au kwa khaloo, wakazunguka siku mbili tatu Fuoni, Tomondo, Kwarara au Bububu kutazama nyumba.

Safari hii watu huiona ndogo, lakini ndani yake mna amana, mna mikataba, mna haki za majirani na mna moyo wa mtoto. Makala hii inaeleza hukumu na adabu zake kwa ufupi, na inasisitiza jambo moja: safari ya kutazama nyumba ni sehemu ya mashauriano. Mwenye kwenda aende kutazama na kuuliza, na asijifunge mpaka familia imeamua.

Picha za simu hazitoshi

Siku hizi ni wepesi ndugu aliye mjini kutuma picha za nyumba kwa simu, na mwenye haja akatuma kodi ya miezi sita bila ya kufika. Hili lina hatari ya kidunia na lina suala la kifiqhi.

Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi wa visiwa hivi, nyumba maalumu inayouzwa au kukodishwa lazima iwe imeonwa na wenye kufunga mkataba. Sababu yake ni kuepuka gharar, yaani kuuziana kisichojulikana. Picha haioneshi harufu ya shimo la choo, wala kelele za usiku, wala maji yanavyosimama uwani wakati wa masika.

Asiyeweza kusafiri ana njia: amuwakilishe mtu muaminifu, aione nyumba na afunge mkataba kwa niaba yake. Uwakala huo uwe wazi. Kumwambia ndugu "nitazamie tu" si sawa na kumwambia "nakuwakilisha ukodi nyumba ya vyumba vitatu, kodi isizidi kiasi fulani".

Kabla ya safari: shura na istikhara

Allah Mtukufu katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 38, amewasifu waumini kuwa mambo yao hushauriana wao kwa wao. Katika Al-Baqara, aya ya 233, hata kumuachisha mtoto ziwa kumetajwa pamoja na kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa ziwa linashauriwa, vipi kuhama mji?

Na mtoto je? Wapo wazazi wanaosema: "Mtoto hana la kusema, atafuata tutakapokwenda." Ni kweli kwamba uamuzi ni wa wazazi. Lakini tutazame Sura ya As-Saffat, aya ya 102. Nabii Ibrahim (A.S) alikuwa na amri ya Mola wake, jambo lisilo na khiyari ndani yake, na bado alimueleza mwanawe aliyoyaona ndotoni na akamtaka atazame ana rai gani. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwa yupo kijana mdogo na kushotoni wapo wazee. Alimuomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana hakukubali kuitoa fungu lake litokalo kwa Mtume, naye Mtume akampa yeye. Mtoto aliulizwa kikweli, na jibu lake likaheshimiwa.

Basi ukimchukua mtoto katika safari hii, muulize naye ukimaanisha. Na usimdanganye ili akubali. Mzazi husema: "Tukihamia mjini tutarudi kwa bibi kila mwezi, na baiskeli nitakununulia," naye anajua nauli ya boti kwa watu watano haipatikani kila mwezi. Abu Dawud amepokea hadithi ya Abdullah bin Amir, ambaye mama yake alimwita alipokuwa mdogo akimuahidi kumpa kitu. Mtume (S.A.W) akamuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ahadi ya tende moja ilihesabiwa, seuze ahadi ya baiskeli.

Ama istikhara, ni rakaa mbili zisizokuwa za fardhi, kisha dua maarufu iliyopokewa na Jabir bin Abdillah katika Sahih Bukhari. Husaliwa mtu akiwa ameazimia jambo, na si lazima aote ndoto. Anaendelea na shughuli yake; likiwa la kheri litamsahilikia, na likiwa la shari ataepushwa nalo. Hiyo ndiyo badali tuliyopewa Waislamu ya kupiga ramli na kutazamia nyota ya nyumba, mambo ambayo bado yapo miongoni mwetu na ambayo dini imeyakataza.

Sala ukiwa safarini

Umbali wa kutoka Pemba hadi mjini Unguja unazidi marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa zama hizi huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Kwa hiyo msafiri anaruhusika kupunguza na kukusanya sala, mzazi na mtoto wake sawasawa.

Suala linaloulizwa sana ni muda. Ukinuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, unasali kamili tangu kufika. Ukiwa umekwenda kwa haja unayoitaraji kumalizika wakati wowote, kwa mfano unangoja mwenye nyumba arudi safari na kila siku unaambiwa "kesho", basi katika madhehebu ya Shafi unaweza kupunguza hadi siku 18. Ukijua mapema kwamba shughuli yako haiwezi kumalizika chini ya siku tano, ruhusa hiyo haikuhusu.

Mama anayekwenda bila ya mumewe aongozane na maharimu wake, kama kaka au ami. Mtoto mdogo hatoshi kuwa maharimu. Kijana aliyekaribia kubaleghe, mwenye akili na anayeweza kumlinda mama yake, wapo wanavyuoni waliomkubali.

Nyumba bado ina watu wake

Mara nyingi nyumba unayopelekwa kuitazama bado ina mpangaji. Dalali hugonga mlango na kuingia, nawe nyuma yake na mwanao, mpaka chumbani. Hapa pana kosa ambalo wengi hawalioni. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Muda wa kodi ukiwa haujesha, mwenye haki ya kukaa humo ni mpangaji. Idhini ya mwenye nyumba au ya dalali haitoshi. Piga hodi, toa salamu, subiri wanawake wajisitiri, na ukiambiwa njoo Alasiri, ondoka kwa moyo safi. Mtoto anayekuona unafanya hivyo amesoma darsa moja ya Sura ya An-Nur bila ya kufungua kitabu.

Aidha muulize mpangaji huyo, kwa faragha na kwa upole, kwa nini anahama. Hakuna aijuaye nyumba kuliko aliyelala ndani yake.

Jirani kabla ya nyumba

Wazee wetu wamezoea kusema jirani kwanza, nyumba baadaye. Wanavyuoni wamelitazama hilo katika dua ya mke wa Firauni iliyomo Sura ya At-Tahrim, aya ya 11: alitaja kuwa karibu na Mola wake kabla ya kuitaja nyumba ya Peponi. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban, jirani mwema na nyumba yenye wasaa zimehesabiwa miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema na kipando kizuri.

Je, kuulizia tabia za majirani si kusengenya? Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ameeleza hali sita ambazo ndani yake inajuzu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na moja kati yake ni kuwatahadharisha na kuwanasihi Waislamu, ndani yake kukiwemo kutaka ushauri. Akataja kwa jina kushauriana kuhusu kuoana, kushirikiana kwa mali, na pia kukaa jirani na mtu. Kwa hiyo inajuzu kumuuliza imamu wa msikiti wa mtaa, muuza duka au sheha: "Mtaa huu unafaa kulea watoto?" Sharti ni kuuliza kwa kiasi cha haja, na anayejibu asizidishe wala asifiche linalodhuru.

Hapa ndipo mtoto anapokuwa na faida kubwa. Mwache atembee nawe kwa miguu kutoka nyumba hiyo mpaka skuli, kisha mpaka chuoni, kisha mpaka msikitini. Hesabuni dakika, na tazameni ni barabara ngapi za gari anazovuka. Mpeleke chuoni baada ya Alasiri, asikilize wenziwe wanavyosoma, na muulizeni maalim kama anapokea mwanafunzi aliyefika juzuu yake. Watoto wengi waliohama wakiwa karibu na kukhitimu wamekatika njiani, kwa sababu wazazi walitazama vyumba na hawakutazama chuo. Muulize mtoto ameona nini. Yeye huona ambayo wewe huyaoni: vijana wanaokaa maskani mchana kutwa, mbwa wa njiani, kisima kilicho wazi.

Ndani ya nyumba: wasaa na sitara

Idadi ya vyumba ni suala la kisharia pia. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud tumeamrishwa kuwaamuru watoto sala wakifika miaka saba, na kuwatenganisha malazi wakifika miaka kumi. Mwenye binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 12 haitoshi kwake vyumba viwili, hata kodi ikiwa nzuri vipi, ila apate namna ya kuwatenganisha.

Tazama sitara. Ikiwa ua na choo vinashirikiwa na wapangaji wengine, binti yako atavuka mbele ya wanaume wasiokuwa maharimu kila anapokwenda kuoga. Muulize yeye mwenyewe kama ataweza kuishi hivyo, kwa sababu ndiye atakayevaa baibui kwenda msalani.

Kisha mambo ya kila siku: maji ya mfereji yanatoka siku gani, na kama hayatoki kisima kiko wapi, mita ya tukuza ni yenu peke yenu au mnachangia, na kama ina deni, na maji ya mvua yanaelekea wapi. Watu wa mjini wanakumbuka jinsi Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikijaa maji ya masika mpaka njia ikapitika kwa tabu. Nyumba ya bondeni huwa nzuri Januari. Iulizie habari za Aprili.

Hata shimo la choo limetajwa katika vitabu vya fiqhi: mwenye nyumba anatakiwa alikabidhi likiwa tupu. Baada ya hapo, nani atalitoa likijaa? Likubalianeni mapema na liandikwe.

Dalali, pesa ya kushikia na mkataba

Dalali ana haki ya ujira wake maadamu umejulikana tangu mwanzo. Anayedai pesa kwa kukuonesha nyumba tu, inajuzu kumlipa ikiwa mmekubaliana kabla na nyumba ipo kweli na inakodishwa. Kuwazungusha watu katika nyumba aliyojua imeshachukuliwa ili apate pesa ya kuonesha ni kula mali ya watu kwa batili.

Ukikuta mtu mwengine ameshakubaliana na mwenye nyumba, usimpande dau. Mtume (S.A.W) amekataza mtu kuuza juu ya biashara ya nduguye, na wanavyuoni wameingiza kukodi ndani yake. Familia ile nayo huenda ina watoto.

Pesa ya kushikia nyumba, ambayo mwenye nyumba haitoi tena ukighairi, ndiyo iitwayo arbuni. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, wameikataza. Mahanbali wameijuzisha, na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha nane, Brunei, mwaka 1993, imepitisha kuwa inajuzu katika mauzo na kukodi ikiwa muda wa kungoja umewekewa mpaka. Salama yako ni kumwambia mwenye nyumba: "Niwekee mpaka Ijumaa, nikighairi utanirudishia." Akikataa, ujue hukumu kabla ya kutoa pesa, usije ukagombana naye baadaye.

Mkataba wenyewe, aya ya 282 ya Al-Baqara inatufunza kuandika madeni na kushuhudisha, hata baina ya watu wanaoaminiana. Andikeni kodi, muda, tarehe ya kuanza, nani anatengeneza paa likivuja, na nani analipa maji. Hakikisheni pia anayekukodisha ana haki hiyo. Nyumba nyingi visiwani ni za urithi. Warithi wako sita, wawili wako Dar es Salaam, mmoja Muscat, na anayepokea kodi ni mmoja. Muulize kama wenziwe wameridhia. Nyumba za wakfu nazo zina msimamizi wake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anayekaa humo kwa kodi ndogo akataka kukupangisha kwa kodi kubwa, usimlipe kitu mpaka upate idhini ya Kamisheni.

Jambo la kukumbuka zaidi ya yote ni hili. Mkataba wa kukodi ni wenye kulazimu. Ukishalipa kodi ya miezi sita kisha mkeo akasema hawezi kumuacha mama yake mgonjwa, au mtoto akakosa uhamisho wa skuli, kubadilika mawazo hakukupi haki ya kurudishiwa. Mwenye nyumba akikusamehe, hiyo ni fadhila yake na ana malipo makubwa, kwani Mtume (S.A.W) amembashiria anayemkubalia ndugu yake kuvunja biashara kwamba Allah atamsamehe makosa yake. Lakini huwezi kumlazimisha. Ndiyo maana tumesema: nenda ukatazame, urudi, muamue, ndipo ufunge.

Ikiwa umeoneshwa nyumba ya "rehani", yaani unampa mwenyewe milioni kadhaa, unakaa bila ya kodi, na akikurudishia pesa zako unatoka, tahadhari. Pesa hizo ni mkopo, na makaazi ni manufaa uliyoyashurutisha kwa sababu ya mkopo. Hiyo ni riba kwa jamhuri ya wanavyuoni, hata ikiitwa jina jengine.

Mkisharudi nyumbani

Kaeni pamoja. Mtoto aeleze aliyoyaona mbele ya mama yake, ndugu zake na bibi, naye asikatizwe. Mzazi aeleze hesabu: kodi, nauli, kipato kipya. Wazee wanaobaki waulizwe nani atawatazama, kwa sababu kuwatendea wema wazazi hakuondoki kwa kupata kazi mjini.

Na tusione haya kuamua kubaki. Kabila la Banu Salima lilikuwa mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W) mjini Madina, wakataka kuhamia karibu nao. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Lakini Mtume aliwaambia wabaki katika majumba yao, kwani hatua zao za kwenda msikitini zinaandikwa. Hadithi hii ameipokea Muslim kutoka kwa Jabir. Inatufunza kwamba hata nia nzuri ya kuhama hushauriwa, na pengine kheri ya mtu iko alipo. Nauli ya boti iliyotumika kwenda kutazama nyumba isiyokodiwa haikupotea. Imenunua utulivu wa familia nzima.

Mkiamua kuhama, pitieni kwa sheha wa mnakotoka na wa mnakokwenda, chukueni uhamisho wa skuli, lipeni madeni ya dukani na muombane radhi na majirani. Mkiingia nyumba mpya, anzeni kwa Bismillahi, leteni dua ya kushukia pahala iliyofundishwa katika hadithi ya Khawla bint Hakim, na isomeni Al-Baqara ndani yake. Kisha mtoto apeleke sahani ya chakula kwa jirani wa kwanza.

Tunamuomba Allah atujaalie majumba yenye utulivu, majirani wema na watoto wenye kututuliza macho. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.